Tom Mboya na Wapangaji wa Eastlands: Historia ya Uwaziri Uliojengwa Mitaani

Katika historia ya baraza la mawaziri la Kenya, Thomas Joseph Odhiambo Mboya hutajwa mara nyingi kuwa mwandishi wa sera za uchumi, msemaji hodari wa wafanyakazi, au kiongozi aliyeuawa akiwa bado na umri wa miaka 38, lakini ni nadra kutajwa kuwa mbunge wa wapangaji, ilhali huo ndio uliokuwa msingi wa nguvu zake. Wengi wa mawaziri wenzake waliingia serikalini wakitegemea wilaya za mashambani, ambamo wapiga kura walikuwa watu wa lugha moja, wenye mashamba na koo zinazojulikana. Mboya aliingia akitegemea mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambamo karani wa reli kutoka Nyanza, fundi wa Kikamba, mchuuzi wa Kikuyu na Mswahili wa Majengo waliishi jirani, wakachota maji mfereji mmoja na kungoja mshahara mwisho wa mwezi. Makala haya yanaeleza jinsi mitaa hiyo ilivyomkuza kisiasa, jinsi alivyozitumia nguvu alizopata huko alipoongoza wizara tatu kati ya 1962 na 1969, na kwa nini nguvu hizo hazikutosha kumkinga siasa za nchi zilipobadilika.

Mitaa ya mshahara wa kapera

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi, upande ambao serikali ya kikoloni iliutenga kwa makazi ya Waafrika, huku Wazungu wakikaa kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, na Waasia wakijengewa Ngara, Parklands na maeneo ya jirani. Pumwani, uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikuwa mtaa wa kwanza rasmi wa Waafrika, na humo wenye viwanja walijijengea nyumba za mtindo wa Kiswahili, zenye vyumba pande mbili za ujia mmoja, wakapangisha vyumba hivyo. Sehemu yake ya zamani ndiyo inayoitwa Majengo. Kariokor ilichukua jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Muthurwa ilikuwa na landi za reli, yaani safu za nyumba za wafanyakazi wa reli, na Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa. Katika miaka ya 1940 Halmashauri ya mji wa Nairobi ilijenga Ziwani na Kaloleni, na katika muongo uliofuata ikaongeza Bahati, Mbotela, Ofafa, Maringo na mingineyo.

Kaloleni unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa unaonyesha kile ambacho wapangaji walipewa na kile walichonyimwa. Nyumba zake za chini, zenye kuta za mawe na paa za vigae, zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi kwa kufuata mawazo ya mji wa bustani yaliyotoka Uingereza, na katikati ya mtaa pana ukumbi wa jamii ambao wasanifu waliukusudia uwe mahali pa michezo na mafunzo. Wakazi waliugeuza kuwa mahali pa siasa. Mnamo Aprili 1950, katika mkutano uliofanyika Kaloleni, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakiwamo Makhan Singh na Fred Kubai walidai uhuru waziwazi, na walipokamatwa mwezi uliofuata, mgomo mkubwa uliikumba Nairobi. Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani nao ulitumika kwa mikutano ya namna hiyo, na uwanja wa Kamukunji ukawa mahali pa mikutano ya hadhara.

Sababu ya vyama vya wafanyakazi kuota mizizi katika mitaa hii ilikuwa katika mpango wenyewe wa ajira. Mwafrika wa mjini alihesabiwa kuwa kapera wa muda, aliyeacha mke na watoto shambani, na kwa hiyo alilipwa mshahara wa kapera, yaani ujira wa kumlisha mtu mmoja, akapewa nafasi ya kitanda katika chumba alichogawana na wanaume wengine. Wengi waliishi katika nyumba za mwajiri, au katika vyumba ambavyo mwajiri alivilipia kwa Halmashauri, hivyo aliyefukuzwa kazi aliweza kupoteza malazi yake pia. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba ujira wa namna hiyo haufai na ikapendekeza hatua za kufikia mshahara wa kulisha familia, lakini utekelezaji ulikwenda polepole. Katika hali hiyo kodi, mshahara, nauli na bei ya unga vilikuwa suala moja, na mtu aliyejua kulisema suala hilo kwa lugha ambayo Mluo, Mkamba na Mluhya waliielewa wote alikuwa na wafuasi tayari.

Kutoka shamba la mkonge hadi maabara ya Halmashauri

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, si mbali na Thika, ambako baba yake, Leonardus Ndiege, Mluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa akifanya kazi. Kwa hiyo alikulia ugenini, kati ya Wakamba na Wakikuyu, akajua lugha zao pamoja na Kiswahili kabla hajakaa kwa muda mrefu katika nchi ya wazazi wake. Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki, zikiwamo Kabaa, Yala na Mang'u, na ada ilipokuwa ngumu kupatikana, aliacha masomo ya sekondari akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya ya mazingira. Alihitimu na kuajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, ambalo lilikuwa limepandishwa hadhi ya jiji mwaka 1950, akawa bwana afya, yaani ofisa wa kukagua usafi wa nyumba, maduka, nyama na maziwa.

Kazi hiyo ilimfunza mambo mawili. Kwanza, ilimpeleka mlango kwa mlango, akaona namna vyumba vilivyojaa watu, mifereji michache na vyoo vya pamoja vilivyolemewa. Pili, ilimwonyesha ubaguzi wa rangi ukiwa kazini, kwa maana Mwafrika aliyefanya kazi ile ile alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1963, Freedom and After, anaeleza jinsi bibi mmoja wa Kizungu alivyoingia maabara na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamkuta yeye peke yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu. Na Mboya alipomjibu kwa ukavu, jibu hilo lilichukuliwa kuwa ufidhuli. Hakuishia kujibu tu, kwani alikigeuza chama cha hisani cha watumishi wa Kiafrika wa Halmashauri kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa cha Kenya, chombo chenye uwezo wa kisheria wa kujadiliana na mwajiri. Mwaka 1953 ajira yake kwa Halmashauri ilikoma, naye akawa mtumishi wa harakati za wafanyakazi moja kwa moja.

Dhoruba ya 1954 na nafasi iliyobaki wazi

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, viongozi wa chama cha Kenya African Union, yaani KAU, wakakamatwa, na chama chenyewe kikapigwa marufuku Juni 1953 baada ya Mboya kukitumikia kwa muda mfupi. Vita vya Mau Mau viliingia ndani ya mitaa: Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa KAU, aliuawa Novemba 1952, na diwani Ambrose Ofafa akapigwa risasi mwaka uliofuata, na majina yao yakapewa mitaa ya Mbotela na Ofafa. Mnamo tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakasaka Eastlands nyumba kwa nyumba, na kuwapeleka maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kambi za kizuizi au katika hifadhi za mashambani. Vyama vya wafanyakazi viliwapoteza viongozi wengi kwa siku chache, na vyumba vilivyoachwa wazi vikachukuliwa na watu kutoka Nyanza, Ukambani na Magharibi.

Mboya, aliyekuwa amechaguliwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alijikuta akiongoza chombo karibu pekee cha kisheria ambacho Waafrika wa nchi nzima wangeweza kukitumia kusema. Shirikisho hilo, ambalo mwaka 1955 lilichukua jina la Kenya Federation of Labour, au KFL, lilipinga kufukuzwa kwa familia mjini na adhabu za jumla, likisaidiwa na shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi lililokuwa na makao yake Brussels. Machi 1955, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya aliwashawishi warejee kazini kwa sharti la kuundwa baraza la usuluhishi, nalo likawapa nyongeza ya mshahara ya takriban theluthi moja. Ushindi huo uliwaonyesha waajiri kwamba alikuwa mtu wa kuzungumza naye, na ukawaonyesha wafanyakazi kwamba mazungumzo yangeweza kuwaletea fedha mkononi. Baada ya hapo alikwenda kusoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, kisha akazuru Marekani mwaka 1956 na kufahamiana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya huko.

Lakini mazingira yaliyomwinua ndiyo pia yaliyotilia mashaka uongozi wake baadaye, kwa sababu baadhi ya wanasiasa wa Kikuyu waliorudi kutoka vizuizini waliona kwamba alipanda ngazi ambayo wenyewe walikuwa wamelazimishwa kuiacha kwa nguvu za bunduki. Lawama hiyo haikuwa ya haki kikamilifu, kwa kuwa KFL ilisema mengi kwa niaba ya waliofungwa wakati ambapo kusema kulikuwa hatari, ila ilibaki midomoni na ikatumika dhidi yake kila uchaguzi ulipokaribia.

Ziwani, kura za 1957 na chama cha mitaa

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957, kwa viti 8 tu. Sheria yake ilimpa mpiga kura mmoja hadi kura tatu kulingana na elimu, mali, umri na utumishi wake, huku Wakikuyu, Waembu na Wameru wakitakiwa kuwa na hati ya uaminifu iliyothibitisha kwamba hawakuunga mkono Mau Mau. Katika kiti cha Nairobi, Mboya alimshinda Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, ambaye alikuwa na chama cha wilaya na heshima ya kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau mahakamani. Wote wawili walikuwa Waluo, na kwa hiyo ushindi haukuamuliwa na kabila. Uliamuliwa na mtandao wa matawi ya vyama vya wafanyakazi katika karakana, ofisi na mitaa.

Serikali ilikuwa imeruhusu vyama vya siasa vya wilaya pekee, ili kuzuia kuzuka kwa chama cha nchi nzima, na Mboya alilitumia katazo hilo kwa faida yake kwa kuanzisha chama cha Nairobi People's Convention Party. Kilifuata mfano wa chama cha Kwame Nkrumah huko Ghana, kikagawanywa katika matawi ya mitaa na vikundi vidogo vya nyumba chache chache, kikakusanya michango, kikatoa gazeti lake, kikadai kuachiliwa kwa Jomo Kenyatta na kikahimiza kususia bia, sigara na mabasi. Kususia bia kulikuwa na maana ya kipekee Eastlands, kwa kuwa Halmashauri ilikuwa imejitwalia tangu miaka ya 1920 haki ya kuuza pombe ya kienyeji katika vilabu vyake, na kutumia faida yake kugharamia huduma za Waafrika, kiasi kwamba mnywaji wa Pumwani ndiye aliyejilipia ukumbi na zahanati. Wakati huo Mboya mwenyewe alikaa katika nyumba ya Halmashauri huko Ziwani, ambako wageni wa ng'ambo na wafanyakazi wenye malalamiko walimfuata, na ambako polisi walifika Machi 1959 walipowakamata viongozi kadhaa wa chama hicho.

Kutoka kwenye nyumba hiyo ndogo Mboya alifikia jukwaa la Afrika nzima. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza vikao vya Mkutano wa Watu Wote wa Afrika mjini Accra, na mwaka uliofuata alishirikiana na marafiki wa Marekani, wakiwamo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, kuchangisha nauli za wanafunzi. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya kundi lililofuata, ambamo alikuwamo Wangari Maathai. Kwa makarani na mafundi wa Eastlands, ambao watoto wao walikuwa wakifungiwa mlango wa elimu ya juu, safari hizo zilikuwa jambo la kuonekana kwa macho, na zilimpa Mboya hazina ya shukrani iliyovuka mipaka ya kabila.

Thamani ya hazina hiyo ilipimwa Februari 1961. Chama cha KANU kilikuwa kimeundwa mwaka 1960 na Mboya akachaguliwa Katibu Mkuu wake, lakini baadhi ya wakubwa wa chama walimtaka aondoke, na Dakta Munyua Waiyaki, daktari aliyependwa na wengi mjini, akasimama dhidi yake katika jimbo la Nairobi Mashariki. Wapiga kura wengi wa jimbo hilo sasa walikuwa Wakikuyu waliorejea mjini, na hesabu za kabila zilimpa Waiyaki nafasi nzuri. Mboya alishinda kwa wingi mkubwa sana wa kura. Hakuna uchaguzi mwingine wa enzi hiyo unaothibitisha vizuri zaidi kwamba Eastlands ilikuwa imejenga siasa ya aina yake, iliyompima kiongozi kwa mshahara, shule na makazi.

Wizara tatu

Aprili 1962, serikali ya mseto ya KANU na chama pinzani cha KADU ilipoundwa, Mboya akawa Waziri wa Kazi. Huo ulikuwa mwaka wa migomo mingi, na mwezi Oktoba serikali, shirikisho la waajiri na KFL walitia saini Mkataba wa Uhusiano Viwandani, hati iliyoweka taratibu za kusuluhisha magomvi kabla ya mgomo na kuwataka waajiri kuvitambua vyama vya wafanyakazi. Kwa mtu aliyejenga jina lake bandarini Mombasa kwa usuluhishi, mkataba huo ulikuwa upanuzi wa imani yake. Lakini ulikuwa pia mwanzo wa kuihamisha silaha ya mgomo kutoka mikononi mwa matawi na kuiweka mezani mwa serikali.

Juni 1963, Kenya ilipopata madaraka ya ndani, aliteuliwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba, akiwa sasa mbunge wa jimbo la Nairobi ya Kati, ambalo baadaye liliitwa Kamukunji. Katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo, yaani iliyogawa mamlaka kati ya serikali kuu na mabaraza ya mikoa, na ilikuwa na bunge la nyumba mbili. Mboya, aliyeamini kwamba nchi changa haiwezi kupanga uchumi wake ikiwa imegawanyika, alisimamia mabadiliko yaliyouvunja mfumo huo na kuifanya Kenya jamhuri yenye rais mtendaji tarehe 12 Desemba 1964. Mamlaka yaliyojilimbikiza Ikulu siku hiyo yalikuwa yamepitia mezani pake.

Mwezi huo huo alihamishiwa Wizara ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo, ambako alidumu hadi kifo chake, na ambako naibu wake wa kwanza alikuwa Mwai Kibaki, mbunge wa Donholm, jimbo jirani la Eastlands. Kazi kubwa ya wizara hiyo ilikuwa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya nchi. Waraka ulikataa kwa pamoja ubepari wa kuachiwa huru na ujamaa wa Ki-Marx, ukaruhusu mali binafsi na mitaji ya nje, ukaweka utaifishaji kuwa hatua ya mwisho, na katika ibara yake ya 133 ukasema kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza kule ambako zitaongeza mazao mengi zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na watu waliokwisha kuipokea shughuli ya maendeleo. Mchumi Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, aliukosoa mwaka huo huo katika jarida la East Africa Journal, akihoji namna serikali ingewapa Waafrika umiliki wa uchumi ambao bado ulikuwa mikononi mwa wengine. Ibara ya 133 imelaumiwa tangu wakati huo kwa kuyaacha nyuma maeneo makavu ya kaskazini.

Kisichosemwa sana ni kwamba Waraka huo ulikuwa na machache ya kumpa mpangaji. Uliiona nchi kama jumla ya mashamba na viwanda, na tatizo la watu wasio na kazi mjini likaonekana kuwa tatizo la kushughulikiwa zaidi mashambani, sambamba na wito wa serikali kwamba wasio na kazi warudi kulima. Wakati huo watu wa Nairobi walikuwa wakiongezeka kwa kasi, kutoka takriban 119,000 katika hesabu ya 1948 hadi zaidi ya 500,000 katika ile ya 1969, na nyumba za Halmashauri hazikuweza kuwatosha, hivyo Mathare na vitongoji vingine vya mabati na mbao vikapanuka. Vyama vya wafanyakazi navyo vilibanwa: mwaka 1965, baada ya ugomvi wa KFL na shirikisho pinzani, serikali iliyavunja yote mawili na kuunda shirikisho moja jipya, COTU, ambalo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais kutoka katika orodha ya majina yaliyopendekezwa. Ngazi ambayo Mboya alipandia, yaani shirikisho huru lenye fedha zake na sauti yake, haikuwapo tena kwa kijana mwingine wa Ziwani au Bahati. Naye mwenyewe alikuwa amehamia Lavington, upande wa magharibi wa jiji.

Waziri asiye na wilaya

Kuanzia 1966 ubishi mkuu wa siasa ulikuwa ni nani atakayemrithi Rais Kenyatta. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru Machi 1966, Mboya akiwa Katibu Mkuu aliongoza mpango wa kuufuta umakamu wa rais wa chama wa mtu mmoja na kuweka makamu 8 wa mikoa, hatua iliyomtoa Jaramogi Oginga Odinga katika cheo hicho na kumfanya aunde Kenya People's Union, yaani KPU, ambako alifuatwa na Bildad Kaggia, mkongwe wa vyama vya wafanyakazi wa Nairobi. Mboya alikuwa amemwondoa mpinzani wa Kenyatta, na kwa kufanya hivyo yeye mwenyewe akawa tishio lililobaki. Mwaka 1968 serikali ilipobadili masharti ya kumrithi rais, pendekezo la kwanza lilitaka mgombea awe na umri wa miaka 40, wakati Mboya alikuwa bado hajafika huko, kisha likapunguzwa hadi 35.

Hapo ndipo udhaifu wa msingi wake ulipojitokeza. Waziri mwenye wilaya aliweza kurudi nyumbani, akajipanga upya na watu wake. Mboya hakuwa na wilaya ya namna hiyo. Nyanza ilikuwa ya Odinga, na katika uchaguzi mdogo wa Gem wa Mei 1969, uliotokana na kifo cha Argwings-Kodhek, KPU ilishinda ingawa Mboya aliifanyia KANU kampeni. Nairobi ilikuwa yake, lakini wapangaji hawakuwa tena na chombo chao cha kuwaunganisha: shirikisho lilikuwa chini ya serikali, chama chao cha mitaa kilikuwa kimemezwa na KANU, na tawi la KANU la Nairobi lilikuwa uwanja wa vita vya makundi. Mboya alikuwa ameshiriki kuzivunja au kuzidhoofisha karibu taasisi zote ambazo zingeweza kumtetea.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alirejea kutoka mkutano wa Addis Ababa, na mchana alipotoka katika duka la dawa la Chhani kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, alipigwa risasi akafa. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia Septemba na kunyongwa Novemba mwaka huo, na hakuna mwingine aliyefikishwa mahakamani. Wakati wa ibada yake katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, umati uliokuwa nje uliushambulia kwa mawe msafara wa Rais, na polisi wakatumia gesi ya machozi. Miezi iliyofuata ilileta viapo vya kikabila katika Mkoa wa Kati, mauaji ya Kisumu mwezi Oktoba, na kupigwa marufuku kwa KPU. Hasira ya siku ya mazishi ilikuwa bado ya watu mchanganyiko. Hofu iliyofuata ilimrudisha kila mtu kwa watu wa kwao.

Baada yake

Eastlands iliendelea kuzalisha mawaziri, lakini mwelekeo wao baada ya 1969 unaonyesha kilichopotea. Kibaki alinusurika kwa shida katika jimbo la Bahati mwaka 1969 dhidi ya Jael Mbogo, na mwaka 1974 akahamia Othaya, kwao Nyeri, ambako hakusumbuliwa tena na kura za wapangaji katika safari yake ya miaka mingi hadi Ikulu. Maina Wanjigi, aliyechukua kiti cha Kamukunji mwaka 1969, alikuwa waziri wakati Halmashauri ilipobomoa kijiji cha Muoroto Mei 1990. Alilaani ubomoaji huo kwa niaba ya wapiga kura wake, na akafutwa kazi. Kutoka kwa Mboya hadi Wanjigi, somo lililopokelewa na wanasiasa lilikuwa kwamba waziri anayetaka kudumu atafute wilaya, au anyamaze kuhusu mtaa wake.

Mboya ameenziwa kwa barabara iliyokuwa Victoria Street, na tangu 2011 kwa sanamu iliyo karibu na mahali alipouawa, na heshima hizo zote ziko katikati ya jiji, pale alipofia. Mchango wake wa asili uko mashariki zaidi. Alithibitisha mara mbili, mwaka 1957 na 1961, kwamba watu wasiokuwa na ardhi, wasiokuwa na lugha moja na wasiomiliki hata chumba wanacholala wanaweza kumpeleka mtu wao serikalini kwa kuunganishwa na mshahara na kodi. Akiwa waziri aliamini kwamba dola imara ingewatumikia watu hao vizuri kuliko vyama vyao wenyewe, akaijenga dola hiyo kwa ustadi ambao wachache katika kizazi chake walikuwa nao. Historia ya mitaa yao tangu 1969, kuanzia vitongoji vilivyobomolewa hadi nyumba za Halmashauri zinazoondolewa leo ili kupisha maghorofa, inaonyesha kwamba katika jambo hilo moja alikosea, na kwamba wapangaji wa Eastlands ndio waliolipa gharama ya kosa hilo kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote.